Hostia za Muhogo

Sifa ni zako, Mungu uliyenipa pumzi ya kufika umri huu na akili ya kukumbuka. Ulinivumilia miaka mingi nilipokuwa sitaji jina lako, na hukunifukuza mlangoni niliporudi bila jibu mkononi. Naanza kwako kwa sababu nitakayosimulia yanahusu mwaka ambao nilikupoteza, na sitaki msomaji adhani ninaandika kwa majivuno au kwa uchungu. Ninaandika kwa shukrani, na kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa akiyajua haya pamoja nami hayupo tena.

Tumemzika Sista Veronika wiki tatu zilizopita. Kwangu hakuwa Sista, alikuwa Vero. Tulilala vitanda viwili vinavyokaribiana kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako, katika chumba kirefu cha misheni iliyokuwa kati ya Kisesa na ziwa, mwaka ule tuliopata Uhuru. Tulikuwa wasichana tisa tukijiandaa kuwa masista. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, naye kumi na minane. Sitaeleza habari za ukoo wangu wala namna nilivyofika pale. Inatosha kusema kwamba nilifika nikiwa na uhakika wa mambo yote. Nilikuwa na uhakika wa Mungu kama nilivyokuwa na uhakika kwamba ziwa lipo nyuma ya majabali hata nisipoliona.

Kazi yangu ilikuwa kuoka hostia, vile vikate vyembamba vya komunyo. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa nyeupe, dirisha moja linatazama ziwani, na ndani mlikuwa na meza, jiko la mkaa, debe la unga wa ngano na chuma cha kuokea. Chuma kile kilikuwa na mikono miwili mirefu kama mkasi mkubwa, na mwishoni sahani mbili za duara zilizochorwa msalaba na mwanakondoo. Unapaka nta ya nyuki, unamimina kijiko cha uji mwepesi wa ngano na maji matupu, unabana, unaweka juu ya mkaa. Sista Klementina, Mholanzi aliyenifundisha, hakutumia saa. Alipima kwa sala. Salamu Maria moja, taratibu, bila kukimbiza maneno, unafungua, na hostia imeiva. Ukizidisha inakuwa ya kahawia, ukipunguza inanata. Baadaye unakata viduara vidogo, na mabaki ya pembeni tulikuwa tunayatafuna sisi wenyewe. Vero alipitia pale kila Ijumaa akitoka kufua, anasimama mlangoni na mikono iliyochujuka kwa sabuni.

"Dada Rozalia, wenye njaa wameshiba?"

"Hawajashiba. Fungua mdomo."

Nilikuwa namwekea mabaki ulimini kama padre, naye anafumba macho na kuitikia Amina, tunacheka hadi Sista Klementina agonge ukuta. Nilidhani kicheko kile ni sehemu ya imani. Labda kweli kilikuwa.

Mwaka ule ulianza na ukame mbaya. Mtama ulikauka ukiwa na urefu wa goti, ng'ombe walikufa wakiwa njiani kwenda kunywa, na watu wakaletewa unga wa mahindi ya njano wa msaada ambao wengi walisema una harufu ya gunia. Jikoni kwa masista alipika mwanamke tuliyemwita Mama Kulwa, kwa sababu alizaa mapacha. Alikuwa mnene wa sauti kuliko mwili. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walipokwenda kukomunika yeye alibaki amekaa, kwa kuwa alikuwa mke wa pili. Alibatizwa, alijua sala zote, lakini sheria ilikuwa hivyo. Sikuwahi kujiuliza juu ya benchi lile. Lilikuwa pale kama nguzo zilivyokuwa pale.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Sista Klementina alishikwa na malaria kali akapelekwa mjini Mwanza. Aliniachia funguo na maneno matatu: usafi, utulivu, utii. Siku ya Jumatatu ya Juma Kuu nilifungua debe la ngano nikakuta nimesahau kulifunika vizuri. Panya walikuwa wameingia. Nilichota juu, nikachota katikati, kila mahali kinyesi na manyoya. Nilichoweza kuokoa pembeni kilijaa vikombe viwili tu. Lori la misheni lilikuwa halina tairi, na habari zilizotoka mjini zilisema ngano haipatikani madukani. Watu zaidi ya elfu wangekuja Pasaka, wengine wakitembea siku nzima. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya Mama Kulwa.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikaanza kulia.

"We mtoto, nani amekufa?"

Nilimweleza. Alinisikiliza huku akikoroga sufuria, kisha akafuta mikono kwenye kanga na kuniuliza, "Hiyo mikate yenu inatakiwa iweje?"

"Iwe myeupe. Safi. Isiyo na chachu."

"Myeupe tu?" Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kibuyu cha unga wa makopa, muhogo wake mwenyewe aliouanika juu ya majabali, akautwanga na kuuchuja kwa kitambaa. Aliumimina kiganjani mwangu. "Tazama. Ngano ya Wazungu ina weupe huu?"

Haikuwa nao. Nami, kwa moyo wangu wote wa kitoto, niliona Mungu amejibu. Katekisimu yetu ilikuwa imetufundisha kwamba mkate wa altare huwa safi na mweupe kama roho inavyotakiwa kuwa. Hakuna aliyewahi kutuambia habari za nafaka yenyewe, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba msichana angechanganya. Nikaweka vikombe viwili vya ngano kwa kumi vya muhogo. Hostia ya kwanza ilinata. Nikaongeza muda. Muhogo ulihitaji Salamu Maria mbili. Nilizisali mbili kwa kila chuma, kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tatu, nikiwa nimejaa furaha ambayo sijapata tena. Zilitoka nyeupe kama karatasi, na mwanakondoo alionekana mpaka kwenye manyoya.

Pasaka ilifika. Padre Anselmi, Mkerewe aliyekuwa bado kijana, aliinua hostia kubwa, na kengele ikalia. Nilipopokea ya kwangu nilisikia kile nilichokisikia tangu komunyo ya kwanza, uvuguvugu unaoanza kifuani na kupanda hadi nyuma ya masikio. Niliinamisha kichwa nikasema moyoni, upo. Siku hiyohiyo alasiri tuliitwa zahanati ya misheni. Mama yake Vero, aliyekuwa ameletwa kutoka Mkolani akiwa na uvimbe tumboni, alikuwa anakata roho. Alikuwa hajaweza kushikilia hata uji kwa siku nne. Padre alimpa komunyo ya mwisho, kipande kidogo tu. Sote tulingoja kuona kama atatapika. Hakutapika. Alilamba midomo, akamtazama Vero, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mezani, "Nimeshiba, mwanangu." Hakusema neno lingine. Vero hakulia sana siku zile. Kila aliyempa pole alimjibu, "Mama aliondoka ameshiba." Masista walilirudia neno hilo mezani, na Padre akalitaja kanisani.

Wiki ya tatu baada ya Pasaka yalianza mafundisho yetu ya sakramenti. Tulikaa darasani, madirisha wazi, vumbi linaingia. Padre Anselmi alikuwa mwalimu mzuri, hakupiga kelele. Alisema kwamba kila sakramenti ina kitu chake na maneno yake. Ubatizo ni maji. Huwezi kubatiza kwa maziwa, hata uwe na nia njema. Tukacheka. Kisha akasema, "Na mkate wa altare ni wa ngano. Si mtama, si mahindi, si muhogo. Ukiweka kingine, hata Baba Mtakatifu mwenyewe aseme maneno yote, unabaki mkate tu."

Aliendelea kufundisha. Mimi niliitazama shingo ya Vero aliyekaa mbele yangu. Nilikumbuka vikombe viwili kwa kumi. Watu elfu walipiga magoti mbele ya muhogo wa Mama Kulwa. Mama yake Vero alikufa na muhogo mdomoni. Hayo yalinitisha, lakini siyo yaliyonivunja. Kilichonivunja ni ule uvuguvugu. Ulikuwa umekuja kama kawaida. Haukuchelewa, haukupungua. Kama ulikuja kwa muhogo, basi ulikuwa unatoka wapi siku zote?

Nilimfuata Padre Anselmi siku hiyohiyo, si kwenye kitubio, bali nyuma ya kanisa alikokuwa akimwagilia miche ya kabichi. Nilimweleza yote nimesimama wima. Aliweka kopo chini.

"Nilisikia zinavunjika kwa mlio mwingine," alisema. "Nikadhani ni ukame." Akafuta mikono kwenye kanzu. "Umemwambia nani?"

"Wewe tu, Padre."

"Hukufanya kwa makusudi. Hakuna dhambi. Na Mungu, Rozalia, hafungwi na sakramenti zake. Aliyemjia kwa moyo, alimpokea. Yule mama alimpokea."

"Kama hafungwi, Padre, kwa nini Mama Kulwa anakaa benchi la nyuma?"

Alinitazama kama mtu aliyejikwaa mahali anapopajua. Ninamheshimu mpaka leo kwa sababu hakunikaripia. Alisema, "Hilo sijui kukujibu vizuri," akachukua kopo lake. Lilikuwa neno la uungwana. Lakini mimi nilikuwa nimejengwa kwa matofali ya watu wanaojua, na yeye alikuwa tofali la chini kabisa, lililobeba mengine.

Nilimwambia pia Mama Kulwa, kwa kuwa muhogo ulikuwa wake. Alikuwa anachambua mchele. Alicheka hadi ungo ukamponyoka. "Kwa hiyo Pasaka nzima, na masista, na wale wazee wa kanisa wanaonitazama kama mbuzi aliyeingia sebuleni, wote walikula makopa yangu?" Alifuta machozi ya kicheko, nayo yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. "Miaka kumi na minne, mwanangu. Mimi siruhusiwi kukaribia, muhogo wangu ukaruhusiwa." Kisha akaokota mchele punje moja moja.

Ninayaandika haya nikiwa na rozari kwenye mfuko wa gauni, na najua vijana wataniuliza kwa nini jambo dogo kama unga lilimwangusha msichana mzima. Nawajibu kwamba imani yangu ya utoto ilikuwa kama chuma kile cha hostia. Iliundwa kutoa umbo moja tu, na ilipopata kitu kingine ikatoa umbo lilelile bila kusita. Hilo ndilo lililonitia hofu. Sikuanza kusema Mungu hayupo. Hilo nalo ni neno la mtu anayejua. Nilianza kusema sijui, na nikaamua kwamba tangu siku hiyo sitatamka mbele ya watu jambo nisilolijua. Ilikuwa ahadi ya kwanza niliyowahi kuweka bila mtu kuniamuru.

Lililobaki lilikuwa Vero. Nilichelewa miezi minne. Kila alipomtaja mama yake nilitoka nje. Siku moja ya jua kali tulikuwa tunaanika mashuka juu ya majabali kando ya ziwa, nikamwambia. Hakuacha kukunjua shuka.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Kwa sababu ni kweli."

"Au ili wewe uwe mwepesi, mimi nibebe?"

Lilikuwa swali la haki.

"Ulikuwepo aliposema ameshiba?"

"Nilikuwepo."

"Sasa unataka nini zaidi?"

"Kujua, Vero. Kujua alishiba nini."

"Mimi sitaki kujua. Mimi nataka mashuka haya yakauke." Akachukua jiwe, akaliweka kwenye pembe ya shuka lisipeperuke, akaenda zake. Hakusema nami tena, isipokuwa "nipishe" na "sabuni iko wapi", kwa muda wote uliobaki. Usiku nilikuwa naweza kunyoosha mkono nikamgusa. Sikunyoosha.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira. Ziwa lilipanda likameza majabali tuliyoanikia. Siku ya sisi kupokewa rasmi ilipangwa wiki mbili kabla ya Uhuru, na kila mmoja alitakiwa kusimama peke yake mbele ya altare na kusali Nasadiki, sala ya kukiri imani, kwa sauti, neno kwa neno. Nilikuwa naijua kuliko jina langu. Siku nne kabla, nilikwenda kwa Mama Mkuu. Alikuwa na daftari la sherehe mbele yake, na nje wapishi walikuwa wakibishana kama baada ya Uhuru wali utapikwa kila siku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kanzu yako haikukutosha?"

"Inanitosha. Siwezi kusema Nasadiki."

"Umesahau wapi? Kaa, tusali pamoja."

"Sijasahau, Mama. Sijui kama ni kweli."

Alivua miwani. "Ni nani?"

"Nani, Mama?"

"Mwanamume. Yule karani wa pamba anayeleta barua?"

"Hakuna mwanamume."

"Rozalia, nimekaa na wasichana miaka ishirini na sita. Kila mara yupo mwanamume."

Laiti angekuwepo, ningeeleweka. Ningelia, ningetubu, wangenisogezea kiti. Nilirudia kwamba sijui, na kwamba sitasema nasadiki kwa mdomo tu. Akaniambia wengi husema kwa mdomo kwanza, moyo hufuata polepole. Leo, katika uzee huu, ninakiri kwamba kwa watu wengine ni kweli, na sikumdharau wala simdharau. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba nilikuwa nimeshawalisha watu elfu kitu kisicho chenyewe mara moja, na sikuwa tayari kufanya hivyo mara ya pili, safari hii kwa makusudi.

Nikafunga sanduku langu. Lori lilikuwa linanguruma uani na watu wa mizigo wameshapanda, Vero akatoka chumba cha hostia, ambako walikuwa wamemweka badala yangu. Alinipa kifurushi cha karatasi, bado kina joto. Yalikuwa mabaki.

"Ni ngano," alisema. "Nimepima mwenyewe."

Sikujua kama ni kejeli au ni amani. Nilikula yote kabla ya kufika Kisesa.

Siku ya Uhuru nilisimama uwanjani mjini Mwanza katikati ya umati, matope hadi vifundoni, bendera mpya ikipanda. Watu wakaimba wimbo wa taifa letu, ambao unaanza kwa jina la Mungu. Nilifunga mdomo kwenye jina lile, nikaimba yaliyofuata kwa nguvu zote. Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu nami alinitazama. Nikamtazama pia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili. Katika miaka hiyo nilikwenda kanisani mara kwa mara na kukaa benchi la mwisho na Mama Kulwa hadi alipofariki, wawili tusiokomunika, yeye kwa kukatazwa na mimi kwa kujikataza. Siku moja nilijikuta ninasali. Sikurudishwa na jibu wala muujiza. Nilikuwa ninamwombea marehemu Mama Kulwa, na maneno yakawa na mtu wa kuyapokea, au niliamua kuyatuma tu kama yupo. Imani ya utoto haikurudi. Hii niliyo nayo ni nyingine, ina neno sijui ndani yake, na hainiponyoki kwa sababu siishiki kwa nguvu. Wala sijutii miaka niliyokaa bila kusali. Ndiyo iliyonifundisha kutosema uongo mbele ya Mungu.

Na Vero? Tulisalimiana kwenye misiba na kwenye jubilei. Alibaki mwokaji wa hostia kwa miaka yote sitini. Hatukutaja tena majabali yale, na nilidhani hakunisamehe.

Baada ya mazishi sista kijana aliyekuwa akimsaidia alinipeleka kwenye chumba cha kuokea. Siku hizi kuna mashine ya umeme, lakini chuma cha zamani kimetundikwa ukutani, mikono imeng'aa kwa kushikwa.

"Bibi, naomba nikuulize, maana nasikia mlianza pamoja," alisema. "Sista Veronika alikuwa na kopo lake dogo la unga, hatukuruhusiwa kuligusa. Kila Pasaka, kazi yote ikiisha, anashusha chuma hiki, anaoka hostia moja tu. Haiendi kanisani. Anaila hapohapo amesimama, anasema 'Nimeshiba', halafu anaosha chuma. Nilimuuliza mara nyingi, anacheka tu. Na tena, Bibi, hizi nyingine alitufundisha kuzipimia Salamu Maria moja. Ile ya kwake alikuwa anasali mbili. Sisi tukadhani ni uzee. Unajua ni kwa nini?"

Niliweka mkono kwenye chuma. Kilikuwa baridi. Mtu aliyetumia maisha yake akijibu sijui hujifunza kulisubiri swali analoliweza.

"Najua," nilimwambia. Nikavuta kiti nikamsimulia, kama nilivyokusimulia wewe.

Wewe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akulishe kwa mkono autakao na kwa unga autakao. Kama unamjua, akupe upole kwa wasiomjua. Kama humjui, akupe ujasiri wa kusema hivyo, na rafiki wa kukungoja. Na siku yako ya mwisho ikifika, uondoke umeshiba. Amina.